Dereva Alitangulia: Mhadhara Juu ya Mauaji ya Chebeya na Bazana



Jina la Floribert Chebeya hapa Kalemie linajulikana hata kwa vijana waliokuwa wadogo alipouawa. Kila mwezi wa Juni ukifika, redio hulitaja. Jina la Fidèle Bazana hutajwa baadaye, kwa haraka, mara nyingine bila jina kabisa: "na dereva wake." Rai yangu ya leo ni kwamba hapo ndipo tulipopotea njia. Maelezo mengi yaliyotolewa juu ya mauaji haya, ya polisi, ya mahakama, hata ya baadhi yetu tunaotetea haki, yamejengwa juu ya Chebeya, kisha Bazana akatafutiwa nafasi pembeni. Mimi naomba tugeuze mpangilio. Tuanze na dereva. Tuulize kwanza nani kati ya hao wawili alitangulia kufa, maana swali hilo peke yake linaweza kuamua kama tunazungumzia ajali iliyofichwa au mauaji yaliyopangwa.

Nitaeleza mambo yanayojulikana. Chebeya, mzaliwa wa mwaka 1963, aliliongoza shirika la La Voix des Sans-Voix, sauti ya wasio na sauti, lililoanzishwa mwaka 1983 wakati wa Mobutu. Alikuwa pia katibu mtendaji wa mtandao wa mashirika ya haki za binadamu ya nchi nzima, RENADHOC. Serikali zilipita, yeye akabaki akiandika taarifa zilezile: watu waliofungwa bila kesi, askari waliowapiga raia, wafungwa walioteseka kwa njaa. Jumanne tarehe 1 Juni 2010 aliitwa kwenda kuonana na Jenerali John Numbi, mkaguzi mkuu wa polisi ya taifa, jijini Kinshasa. Alikwenda jioni. Aliyemwendesha ni Fidèle Bazana Edadi, ambaye pia alikuwa mwanachama wa shirika lile. Chebeya alimtumia mke wake ujumbe kwa simu kuwa amefika na anasubiri. Kiasi cha saa tatu usiku mawasiliano yakakatika.

Asubuhi ya tarehe 2 gari lake lilikutwa Mbenseke, upande wa Mont-Ngafula, kwenye barabara iendayo Matadi. Chebeya alikuwa kwenye kiti cha nyuma, amekufa, nguo zimevuliwa nusu. Ndani ya gari mlikuwa na kondomu, nywele za kike, kucha za bandia na dawa za kuongeza nguvu za kiume. Bazana hakuwemo. Hakuonekana siku ile, na hajaonekana tena.

Polisi walitoa tangazo upesi. Halikusema waziwazi kwamba mzee huyu mwenye mke na watoto alifia katika starehe ya usiku, lakini liliorodhesha vitu vilivyokutwa na kuongeza kuwa mwili haukuwa na alama ya risasi. Msikilizaji aliachiwa amalizie mwenyewe. Philip Alston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji yanayofanywa nje ya sheria, na aliyeitembelea nchi yetu mwaka 2009, hakumalizia hivyo. Alitamka mara moja kwamba mazingira yote yanaelekeza kwenye mkono wa watumishi wa serikali. Siku chache baadaye Jenerali Numbi akasimamishwa kazi, na maofisa kadhaa wa polisi wakakamatwa, akiwemo Kanali Daniel Mukalay wa idara ya huduma maalumu.

Hebu sasa tulitazame lile gari kwa macho ya mtu anayemtafuta Bazana.

Mwanamume anayekwenda kukutana na mwanamke kwa siri hamchukui dereva akae naye. Na akimchukua, dereva huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele bosi wake akizidiwa: atakimbilia hospitali, atapiga simu nyumbani, au kwa uchache atakuwa mtu wa kuhojiwa. Kama ni majambazi waliowavamia, wangechukua gari, maana gari ndiyo mali. Gari limeachwa, mtu aliyekodolewa macho na nchi nzima ameachwa ndani yake, ila mtu ambaye kazi yake ni kuliendesha gari hilo ametoweka. Hakuna hata kisa kimoja cha kawaida kinachotoa picha ya namna hiyo. Waliopanga vitu ndani ya gari walifikiri juu ya heshima ya Chebeya, juu ya mke wake, juu ya wahubiri na waandishi wa habari. Hawakufikiri kwamba kuna mtu atauliza: dereva yuko wapi?

Nawasihi wanafunzi wa sheria walizingatie hili, kwa kuwa wengi hudhani ushahidi ni kile kilichokutwa mahali. Katika gari la Mbenseke ushahidi mzito kuliko wote ni mtu ambaye hakukutwa.

Sasa, kisa kile cha aibu hakikuishi muda mrefu. Kilikufa chenyewe, na leo sijui mtu wa maana anayekitetea. Maelezo yaliyokuja kushika nafasi yake ndiyo yanayonishughulisha, kwa sababu yana nguvu na yanasemwa na watu wenye akili zao. Naomba niyaeleze kwa haki kabla sijayapinga.

Mwezi wa Julai 2010 madaktari wa Kiholanzi, walioitwa kuufanyia mwili uchunguzi pamoja na wenzao wa Kongo, walitoa ripoti. Walikuta alama za kufungwa kwenye mikono na miguu. Alama za kipigo hazikuwa nzito kiasi cha kueleza kifo peke yake. Na moyo wa marehemu ulikuwa na kasoro iliyokuwapo tangu zamani. Kutokana na hapo ikazaliwa nadharia ninayoiita nadharia ya ajali. Inasema hivi: maofisa walimkamata Chebeya kwa lengo la kumtisha. Walimfunga, wakamsukasuka, wakataka atoe ahadi ya kunyamaza. Moyo wake ukashindwa. Wakajikuta na maiti ya mtu mashuhuri mikononi mwao, wiki chache kabla ya sherehe za miaka 50 ya uhuru, na mfalme wa Ubelgiji akitarajiwa Kinshasa. Wakaingiwa na hofu, wakatunga ile picha ya gari. Na dereva, kwa vile alijua alikompeleka bosi wake, naye akaondolewa.

Nadharia hii inapatana na ripoti ya madaktari. Inapatana na jinsi polisi wetu wanavyofanya kazi. Wengi wenu mmeona watu wakifia kwenye kashoti za polisi bila mtu kutoa amri ya kuua. Inaeleza pia kwa nini ile picha ya gari ilikuwa na kasoro nyingi: ilifanywa kwa pupa. Na kwa wakubwa ina faida moja isiyosemwa, kwamba inaishia chini. Ikiwa ni ajali, hapakuwa na amri. Na kama hapakuwa na amri, hakuna haja ya kupanda ngazi kumtafuta aliyeitoa.

Kesi ya kwanza ilikwenda kwa mwendo unaofanana na hivyo, ingawa hukumu yake ilikuwa kali. Ilianza Novemba 2010 mbele ya mahakama ya kijeshi ya Kinshasa-Gombe. Washtakiwa walikuwa polisi wanane, watatu kati yao wakiwa wametoroka. Jenerali Numbi alifika kutoa maelezo tu, hakuwa mshtakiwa, na alikana kuhusika. Tarehe 23 Juni 2011 wanne walihukumiwa kifo, akiwemo Kanali Mukalay na wale watoro watatu. Mmoja alipewa kifungo cha maisha, na watatu wakaachiwa. Rufaa ilichukua miaka. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimpunguzia Mukalay adhabu kuwa kifungo cha miaka 15, ikawaachia wengine waliokuwa mbele yake. Miaka mitano ya kesi ikabakiza mkosaji mmoja gerezani, na mwili wa Bazana haukupatikana.

Kati ya watoro wale watatu kulikuwa na Paul Mwilambwe, ofisa aliyekuwa akishughulikia ulinzi katika jengo lenyewe la Ukaguzi Mkuu wa polisi. Mwaka 2012, akiwa nje ya nchi, alijitokeza na kusema kwamba aliyaona mauaji kupitia kamera za ulinzi: watu walizuiwa pumzi hadi wakafa, na waliofanya hivyo walikuwa polisi waliokuwa chini ya Christian Ngoy Kenga Kenga, mkuu wa kikosi cha Simba. Mwaka 2014 familia za marehemu zilimfungulia Mwilambwe mashtaka Dakar, kwa kuwa sheria ya Senegal inaruhusu mahakama zake kuhukumu mateso yaliyofanyika nchi nyingine. Hawakufanya hivyo kwa kumchukia. Walitaka mahali popote duniani ambapo maneno yake yangesikilizwa na hakimu.

Kisha ukaja mwaka 2021. Mwezi wa Februari askari wawili waliokuwa uhamishoni, Hergil Ilunga na Alain Kayeye, walizungumza na redio ya Ufaransa, RFI. Walisema walikuwepo usiku ule, mmoja akiwa dereva wa polisi. Maelezo yao ni mazito, nami nitayafupisha kwa heshima ya familia. Walisema watu wale wawili walifunikwa vichwa kwa mifuko ya plastiki ikafungwa kwa gundi ya utepe. Walisema Bazana ndiye aliyeanza. Wakati anauawa ndani ya eneo la polisi, Chebeya alikuwa bado amekaa akisubiri kuitwa na jenerali. Baadaye ndipo naye akatolewa na kutendewa vilevile. Mwili wa Chebeya ukawekwa katika gari lake mwenyewe na kupelekwa Mbenseke. Wa Bazana ukazikwa Mitendi, ndani ya lupangu, yaani kiwanja, la ofisa mmoja wa jeshi. Amri, kwa maneno yao, ilitoka kwa Jenerali Numbi.

Tazameni mpangilio huo. Bazana kwanza, Chebeya baadaye. Kama ni kweli, nadharia ya ajali imeanguka yote kwa mara moja. Hakuna mtu anayemuua shahidi kabla ya kuwapo jambo la kushuhudia. Dereva anayekufa baada ya bosi anaweza kuwa ameuawa ili kuficha ajali. Dereva anayekufa kabla ya bosi, bosi akiwa hai na amekaa kitini akingoja, ameuawa kwa sababu mtu ameshaamua kwamba bosi hataondoka hapo akiwa hai. Hapo huhitaji kuusoma moyo wa muuaji ili kujua nia yake. Mpangilio wa vifo wenyewe umeshaitamka.

Ndiyo maana nasema Bazana si nyongeza katika kesi hii. Kifo chake ndicho kinachobeba nia.

Najua mtaniuliza: tuwaamini kwa nini watu ambao wenyewe wanasema walikuwepo? Ni swali la haki, na jibu langu halitakuwa jepesi. Maneno ya mshiriki hupimwa kwa yale anayojiharibia nayo. Watu hawa walikuwa nje ya nchi, na hawakuwa miongoni mwa wale wanane walioshtakiwa. Waliposema, walijiweka wenyewe ndani ya gari lenye maiti. Hilo lina uzito. Wengine husema pia kwamba maelezo yao yanapatana na ripoti ya madaktari, na hapa mimi naweka tahadhari, kwa sababu ripoti ile ilikuwa imeshazungumzwa hadharani tangu kesi ya 2011. Mtu anaweza kutunga kisa kikapatana na karatasi aliyokwisha kuisikia. Kwa hiyo mapatano hayo nayapa uzito mdogo kuliko wanavyoyapa wenzangu.

Hata hivyo kuna jambo la kitabibu ambalo mtu wa kawaida asingelijua. Kuzuiwa pumzi kwa mfuko wa plastiki ni miongoni mwa namna za kuua zinazoacha dalili chache mno mwilini. Mfuko ukiondolewa, daktari anaweza kumpasua marehemu asikute kitu cha kumwelekeza. Zile damu ndogondogo machoni ambazo hutarajiwa kwa aliyenyongwa mara nyingi hazionekani. Kinachobaki ni alama za kufungwa, kwa vile mtu hawezi kutulia akifanyiwa hivyo, na moyo uliosimama. Soma tena ripoti ya Waholanzi: alama za kufungwa, kipigo kisichotosha kuua, moyo wenye kasoro uliosimama. Nadharia ya ajali ilisoma karatasi hiyo ikaona moyo dhaifu. Nadharia ninayoitetea inasoma karatasi ileile na kuona mikono iliyofungwa, kisha inauliza kwa nini mtu wa kutishwa tu afungwe mpaka miguu.

Jiografia nayo ina la kusema. Mbenseke na Mitendi ni majirani, zote upande mmoja wa Kinshasa, zote barabara ya Matadi, mbali na katikati ya mji. Mahali lilipokutwa gari la Chebeya tulipajua tangu siku ya kwanza. Mahali panaposemwa kuwa Bazana alizikwa tulipasikia baada ya zaidi ya miaka kumi, na pamekuwa njiani. Hii haithibitishi, ila ni aina ya jambo dogo ambalo mtunzi wa uongo mara nyingi hulikosea.

Kuna pingamizi jingine ambalo naliona ni zito kuliko hilo la mashahidi. Kama mauaji yalipangwa, kwa nini mmoja aachwe barabarani na mwingine afichwe? Si ingekuwa salama kuwaficha wote? Nimelitafakari sana. Chebeya aliwaambia mke wake na wenzake anakokwenda. Angetoweka, kila mtu angesimama mlangoni pa Ukaguzi Mkuu na swali moja: mlimwona kwa mara ya mwisho ninyi, mmempeleka wapi? Mtu aliyetoweka haachi kuulizwa. Sisi wa jimbo la Tanganyika tunalijua jambo hilo; tangu mapigano ya Waluba na Watwa kuna nyumba Nyunzu na Manono ambazo hazijakaa kilio mpaka leo, kwa sababu kukaa kilio ni kukubali kuwa mtu hatarudi. Bali mwili uliopatikana, tena umevalishwa aibu, ulitarajiwa kuyafunga maswali yote: amepatikana, alikuwa mbali na polisi, na familia ingeona haya kuendelea kuuliza. Bazana yeye hakuwa na mahali katika kisa hicho. Maiti yake ndani ya gari ingekiharibu, maana wanaume wawili hawafi kwa starehe ya mmoja. Kwa hiyo alizikwa, na waliomzika walihesabu kuwa dereva hatatafutwa. Hapo ndipo mpango ulipopasuka. Mke wa Bazana alimtafuta. Shirika lake lilimtafuta. Kila mara mahakama ilipotaka kufunga jalada, Bazana alikuwa hajapatikana.

Sababu ya kutaka Chebeya afe nayo inaelekea kwenye mpango. Wenzake wanaamini kilichomponza ni kazi aliyokuwa akiifanya kuhusu wafuasi wa Bundu dia Kongo, dini na chama cha watu wa Bas-Congo. Mapema mwaka 2008 operesheni ya polisi huko iliua watu ambao Umoja wa Mataifa ulihesabu kuwa si chini ya 100. Mkuu wa polisi alikuwa Numbi. Chebeya hakutaka jambo hilo liishie kwenye taarifa kwa waandishi. Alitaka lifike mahakamani, hata kama ni mahakama ya nje. Mtu wa namna hiyo kumtisha hakumsaidii yeyote. Alikuwa ametishwa tangu enzi za Mobutu.

Sasa niseme jambo ambalo katika mji huu haliwezi kupitwa. Numbi, Mukalay, Mwilambwe, Ngoy, Ilunga: majina haya ni ya nyumbani. Ni majina ya Katanga ya zamani, ambayo jimbo letu lilikuwa sehemu yake hadi mgawanyo wa 2015. Nimewasikia wazee wenye busara wakisema kesi hii ni njia ya watu wa Kinshasa kuwamaliza watoto wetu. Wazee wangu, nawaheshimu, na historia ya dhuluma kati ya majimbo naijua. Lakini watazameni tena hao watoto. Aliyesema kwanza kuwa aliona kwa kamera ni Mwilambwe. Aliyesema Bazana alitangulia ni Ilunga. Kimya cha kesi hii kilivunjwa na watu wa majina yetu wenyewe, kwa gharama ya nyumba zao na nchi yao. Tukiifanya kesi hii kuwa ya kabila, tunawatupa wao pamoja na wale waliowashtaki.

Na msidhani ni Kinshasa tu. Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp Mmarekani na Zaida Catalán Mswidi, waliuawa karibu na Bunkonde, Kasaï-Central. Dunia nzima iliyaita mauaji ya wataalamu wawili. Lakini walikuwa wamefuatana na mkalimani na waendesha pikipiki watatu, Wakongo, na hao hawajulikani walipo. Huko nako serikali ilikuwa na kisa chake tayari: ni wanamgambo wa Kamuina Nsapu, basi. Huko nako kisa kilianza kutikisika pale watu walipouliza juu ya wasafiri wenza: mkalimani huyo alikuwa nani, alipendekezwa na nani, na katika mkutano wa usiku wa kuamkia safari huko Kananga, uliorekodiwa na Catalán mwenyewe, kwa nini onyo la hatari lililotolewa kwa Tshiluba halikufika kwa wageni kama lilivyosemwa? Januari 2022 mahakama ya Kananga ilitoa hukumu za kifo kwa makumi ya watu, na kanali mmoja wa jeshi akapewa miaka kumi. Waendesha pikipiki hawakupatikana. Ukienda nyuma hadi Februari 1961, serikali ya Katanga ilitangaza kwamba Lumumba, Mpolo na Okito walitoroka wakauawa na wanakijiji, ilhali walikuwa wameshapigwa risasi tangu tarehe 17 Januari mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Wangapi katika ukumbi huu wanaweza kueleza Okito alikuwa nani?

Turudi kwenye mahakama. Ngoy Kenga Kenga alikamatwa Lubumbashi mwaka 2020, na Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikaanza kusikiliza upya. Mukalay, aliyekuwa amekana miaka yote, safari hii alisema amri ilitoka kwa Numbi. Mei 2022 Kenga Kenga alihukumiwa kifo, Jacques Mugabo, naye mmoja wa wale watoro watatu, miaka 12, na Mwilambwe, aliyekuwa na hukumu ya kifo tangu 2011, akaachiwa huru. Numbi hakuwepo. Alikuwa amerudishwa madarakani mwaka 2018 kama mkaguzi mkuu wa jeshi, akaondolewa 2020, na mwaka uliofuata akaihama nchi. Jeshi likamtangaza mtoro. Tuhuma dhidi yake anazikana, na hajawahi kukaa kwenye kiti cha mshtakiwa katika kesi hii. Sheria yetu ya kijeshi inadai kuwa jenerali ahukumiwe na majaji wa cheo kisichopungua chake, na kikwazo hicho kimesaidia kuifanya ngazi ikatike pale pale tangu 2010.

Mimi sifurahii hukumu ya kifo hata kwa muuaji wa Chebeya, na sababu yangu hapa ni ya kikazi pia. Serikali ilitangaza Machi 2024 kuwa inaacha ule usitishaji wa kunyonga na kupiga risasi uliodumu tangu 2003. Kenga Kenga akiuawa, anaondoka na habari ya nani alimpigia simu usiku ule. Mugabo naye ni shahidi zaidi kuliko alivyo mfungwa. Watu hawa tunawahitaji wakiwa hai na wakiwa na afya ya kuzungumza, mpaka siku jenerali atakaposimama mbele ya majaji wa cheo chake.

Siku hiyo ikifika, mwendesha mashtaka atashawishika kuanza na Chebeya: siasa, Bundu dia Kongo, uadui wa miaka mingi. Wakili wa utetezi atamjibu kwa urahisi, kwamba uadui si amri, na moyo wa marehemu ulikuwa mgonjwa. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri, ningemwambia aanze na saa moja tu ya jioni ya tarehe 1 Juni. Amuulize kila aliyekuwa zamu katika lango la Ukaguzi Mkuu: Bazana aliegesha wapi? Nani alimwambia ashuke? Alipopelekwa nyuma, Chebeya alikuwa amekaa chumba gani, na nani alikuwa amemwambia aendelee kusubiri? Anayejibu swali hilo la mwisho atakuwa ametaja mtu aliyejua kwamba hapatakuwa na mkutano. Kisha mahakama ikachimbe Mitendi, ndani ya lupangu lile, kwa msaada wa wataalamu wa mifupa, familia ya Bazana ikiwa imesimama pale.